Kusafisha na kupaka upya vyuma vya gari la zamani kwa tunaoishi pwani ya Mtwara na Lindi

Malipo ya korosho yakianza kuingia, maswali ni yale yale. Mmoja ana Land Rover ya marehemu babu imelala chini ya mwembe Mikindani. Mwingine kanunua Peugeot 504 Lindi mjini kwa bei ya kutupa. Wote wanauliza: kutu niitoe kwa kutumia nini? Ndimu zinafaa? Soda je? Maji ya betri? Na mbona nilipaka mwaka jana tu, leo rangi imevimba malengelenge?

Naanza na hilo la mwisho, maana ndilo linalobeba yote. Rangi imevimba kwa sababu ulitoa kutu ukaacha chumvi. Kutu unaiona, chumvi huioni. Imejificha kwenye vishimo vidogo vya chuma, inavuta unyevu, na chini ya rangi mpya kazi inaendelea kama kawaida. Maelekezo mengi yanayozunguka yametoka kwa watu wa bara au wa nchi za baridi, na ni mazuri kwa huko kwao. Wewe uliyeko Shangani au Kilwa Masoko, ambako upepo wa kusi unakuletea bahari mpaka sebuleni, unahitaji hatua mbili tatu za ziada. Wa Newala na Nachingwea mna nafuu, ila kama gari lilitokea pwani, chumvi yake limekuja nayo.

Mwongozo huu ni wa vyuma vinavyofunguka na kubebeka: bawaba za milango, mabano, vishikio, fremu za taa, bampa, rimu, trei ya betri. Chesisi iliyooza ni kazi ya fundi wa kuchomelea. Vyuma vya breki na usukani visafishe tu ili vikaguliwe. Usivikwangue kwa grenda wala usiviloweke kwenye asidi.

Kabla ya yote: kalenda

Pesa ya korosho inaingia kuanzia Oktoba hivi, na mvua za kwetu zinashika Desemba mpaka Aprili. Kwa hiyo watu wengi wanapaka rangi katika miezi mibaya kuliko yote. Ushauri wangu: pesa ikiingia nunua vifaa, fungua vyuma, toa kutu taratibu wakati wa mvua, kisha vipake mafuta na uvihifadhi ndani. Rangi ipake Juni mpaka Oktoba. Kama huwezi kusubiri, basi chagua siku ya jua kali na ufanye kipande kimoja kimoja.

Jambo jingine la kwetu: usihifadhi vyuma vyako stoo moja na mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho. Vumbi la salfa likikutana na unyevu linakula chuma.

Jua chuma ulichonacho

Chukua sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio, upitishe kwenye kila kipande.

Ikishika, ni chuma. Kama kina ngozi ya kijivu yenye maua kama bati jipya, kimechovywa zinki. Zinki hiyo ni kinga, usiiondoe.

Isiposhika na kipande ni chepesi, ni alumini. Hapa wenye Land Rover mkae macho. Gari hilo lilipoanza mwaka 1948 Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo maana bodi yake nyingi ni ya aloi ya alumini, na chesisi ni ya chuma. Pale alumini inapogusana na chuma, kukawa na maji ya chumvi katikati, alumini inaliwa na kuacha unga mweupe. Ukiona unga huo pembeni ya bolti, hujaona uchafu, umeona ugonjwa.

Isiposhika na ukikwangua ndani ni rangi ya dhahabu, ni shaba. Shaba inataka kusuguliwa na kupakwa nta tu.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu magadi yenye umeme (utayakuta hatua ya 5), na kostiki ile ya kutengenezea sabuni, vinayeyusha alumini. Unaweka kipande jioni, asubuhi unakuta masalia.

Vifaa

Vya kusafishia: sabuni ya unga, mafuta ya taa au dizeli, brashi ya waya ya mkono, brashi kuukuu za meno, kikwangulio, msasa namba 80, 120, 240 na 400.

Vya kutolea kutu: jaba au ndoo ya plastiki ya lita 20, magadi soda ya unga, safi, vipande vya nondo, waya wa umeme, na chaja ya betri ya volti 12. Chaja nzuri kwa kazi hii ni ile ya kizamani ya transfoma, nzito kama jiwe. Siki nyeupe kwa vipande vidogo.

Vya kupakia: praima (rangi ya kwanza inayoshika chuma), rangi ya juu, tina (kimiminika cha kuzimulia rangi), vitambaa vyeupe vya pamba visivyotoa manyoya.

Vya kujilinda: glavu za mpira, miwani, barakoa nzuri ya vumbi. Kitambaa cha kufunga usoni si barakoa.

Na maji baridi yasiyo na chumvi. Visima vingi vya pwani yetu vina maji ya chumvi. Yaonje, au jaribu sabuni: ikigoma kutoa povu, yana madini mengi, usiyaamini. Kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, ukiyaacha kwanza ya mwanzo yaoshe vumbi la paa. Jaba moja la maji ya mvua lina thamani kuliko kopo la praima ya bei mbaya.

Hatua za kazi

1. Piga picha, kisha fungua. Piga kila upande kwa simu kabla ya kugusa spana. Bolti za kila kipande ziweke kwenye mfuko wake wa nailoni wenye jina. Bolti iliyogoma usiitie bomba la kuongeza nguvu mara moja. Idondoshee dizeli iliyochanganywa na oili, igonge kichwa kidogo kidogo kwa nyundo, iache ilale. Kesho rudia. Ikigoma bado, pasha nati moto kisha gusisha mshumaa kwenye nyuzi, nta itanyonywa ndani. Moto uje baada ya kufuta dizeli yote, na mbali na tangi la mafuta.

2. Osha kabla ya kukwangua. Wanaoanza wanaruka hapa. Ukikwangua chuma chenye chumvi na grisi, unavisukumia ndani ya vishimo. Toa grisi kwa mafuta ya taa na brashi, ukiwa nje, mbali na jiko la mkaa na mama lishe wa jirani. Petroli usitumie, mvuke wake unawaka hata kwa cheche ya swichi. Mafuta ya taa nayo yanaacha utando, kwa hiyo osha tena kwa maji moto na sabuni ya unga, kisha suuza sana. Vyuma vya karibu na breki visipigwe brashi vikiwa vikavu: pedi na viatu vya breki vya magari ya zamani vilikuwa na asbestosi, na vumbi lake ni sumu ya mapafu. Lowesha kwanza.

3. Toa rangi ya zamani. Rangi za magari ya miaka ya 1950 mpaka 1970 nyingi zilikuwa na risasi. Usizichome kwa moto, usizipige msasa mkavu, na watoto wasichezee hapo. Tumia dawa ya kutolea rangi ya dukani au msasa wa maji. Kipande cha chuma pekee, kisicho na zinki wala alumini, unaweza kukiloweka kwenye maji ya kostiki. Tia kostiki kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya kostiki, itachemka na kukurukia usoni.

4. Kutu nene iangushe kwa mkono. Magamba makubwa yagonge na kuyakwangua. Grenda yenye brashi ya waya inaharakisha, lakini ina tabia ya kung'arisha kutu badala ya kuitoa: unaona chuma kinametameta, kumbe vishimo bado ni vyeusi. Na msikubali mchanga wa ufukweni, iwe kwa kusugulia au kupulizia kwa kompresa. Ule mchanga umejaa chumvi, na vumbi lake likipulizwa linaharibu mapafu moja kwa moja.

5. Weka kwenye magadi na umeme. Hii ndiyo njia ninayoipenda kwa pwani, na sababu si kwamba ni rahisi. Mafundi wa makumbusho wanaitumia kwa mizinga na nanga zilizoopolewa baharini, kwa kuwa pamoja na kutoa kutu inavuta na chumvi iliyojificha ndani. Siki haiwezi hilo.

Jaza ndoo maji ya mvua. Tia magadi kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 4, koroga. Panga nondo nne kuzunguka kingo za ndoo, ziunganishe zote kwa waya. Ning'iniza kipande chako katikati kwa waya, kisiguse nondo hata moja. Chanya, waya mwekundu, uende kwenye nondo. Hasi, waya mweusi, uende kwenye kipande. Hakiki mara mbili: ukigeuza, kitakacholiwa ni kipande chako. Ndipo uchomeke chaja ukutani.

Povu dogo litaanza kupanda kutoka kwenye kipande. Hiyo ni haidrojeni, inawaka. Fanya kazi nje au penye upepo, pasiwe na sigara, na zima chaja ukutani kabla ya kugusa klipu. Kipande chenye kutu ya wastani kinataka saa kadhaa, kilichochakaa sana kinalala usiku. Umeme unasafiri zaidi pale nondo zinapokitazama kipande, ndiyo maana tumezizungusha. Nondo zikijaa tope la kahawia, zitoe uzikwangue.

Makatazo matatu. Usitumie stenlesi badala ya nondo, inatia maji sumu ya kromu. Usiongeze chumvi ya jikoni ili umeme upite vizuri, itatoa gesi ya klorini, na utakuwa umerudisha adui uliyemfukuza. Kwa sababu hiyo hiyo acha magadi ya mawe, mara nyingi yana chumvi na uchafu ndani. La tatu ni springi na bolti ngumu: haidrojeni inazifanya zivunjike kama biskuti, hazifai humu wala kwenye siki. Zisugue kwa mkono.

6. Au siki, kwa vidogo. Nati, skrubu na vibano vidogo viloweke kwenye siki nyeupe usiku mmoja, usizidishe siku nzima. Ndimu inafanya kazi pia, ni polepole na ni ghali kwa kipande kikubwa. Soda ya kola ina asidi kidogo na sukari nyingi, inywe tu. Maji ya betri sitaki hata kuyajadili: yanaunguza macho, yanakula chuma kizima pamoja na kutu. Ukitoka kwenye siki, chovya kwenye maji ya magadi kuua asidi, la sivyo kutu itarudi kabla hujapata taulo.

7. Fukuza chumvi. Kipande kikitoka kwenye ndoo kitakuwa na utando mweusi laini. Usugue kwa brashi na maji. Sasa kiloweke kwenye maji ya mvua yaliyochemshwa, acha yapoe, mwaga, weka mengine. Rudia mara tatu kwa kipande kilichokuwa na vishimo vingi. Kikaushe, kiweke kivulini nusu saa, ukiangalia vishimo. Vikitokwa na vitone vya unyevu au nukta za rangi ya machungwa huku sehemu nyingine ikiwa safi, chumvi bado ipo. Rudi kwenye maji moto. Ndiyo, inachosha.

8. Kausha upesi. Suuza mara ya mwisho kwa maji yanayochemka, chuma kipate moto chenyewe. Ukikitoa kinakauka peke yake ndani ya dakika chache. Futa kwa kitambaa cheupe chenye tina, geuza kitambaa, futa tena mpaka kitoke cheupe. Kuanzia hapa usikishike kwa mikono mitupu. Jasho nalo lina chumvi.

9. Praima saa hiyo hiyo. Chuma kitupu Mtwara hakisubiri kesho. Panga kazi uwe unapaka kati ya saa tatu asubuhi, umande ukiwa umekauka, na saa nane mchana. Ukipaka jioni, unyevu utaanguka juu ya rangi mbichi.

Praima gani? Redi oksaidi ya kawaida ni nafuu na inapatikana kila duka la rangi, ila inapitisha maji. Ukiipaka ukaliacha gari hivyo "kwa muda", umepoteza pesa. Praima ya epoksi ya makopo mawili inaziba vizuri zaidi, na kwa pwani naichagua hiyo kila nikiweza. Alumini inataka praima yake maalumu, redi oksaidi haishiki hapo. Paka mara mbili nyembamba, ukifuata muda ulioandikwa kwenye kopo lako. Kona, kingo na matundu ya bolti uyapitie kwa brashi kwanza, rangi hukimbia kingo.

10. Vishimo na rangi ya juu. Puti, ule udongo wa kujazia vishimo, ipake juu ya epoksi iliyopigwa msasa, au juu ya chuma safi, si juu ya redi oksaidi. Puti hunyonya maji, kwa hiyo isuguliwe kwa msasa mkavu na ifunikwe praima siku hiyo hiyo. Kisha msasa 400, kisha rangi mara mbili au tatu nyembamba. Rangi za kuchanganya na hadina (dawa ya kukazia rangi), zinazopulizwa kwa bunduki ya rangi, zina mvuke unaoharibu mapafu kwa namna ambayo barakoa ya vumbi haizuii. Mpelekee fundi rangi mwenye kinyago cha kemikali, au tumia rangi ya mafuta ya brashi. Kwa bano la chini ya boneti, brashi inatosha kabisa.

11. Rudisha kwa akili. Iache rangi ikomae siku kadhaa kabla ya kukaza bolti. Nyuzi zote zipake grisi. Pale chuma kinapokutana na alumini, kata washa za mpira kutoka tyubu kuukuu ya baiskeli, uweke katikati. Ndani ya mabomba na mifuko isiyofikiwa na brashi, mimina nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na oili safi. Iyeyushe kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji moto, si juu ya moto wenyewe.

Vyenye kromu

Bampa na vifuniko vya rimu visiingie kwenye ndoo ya umeme, kromu iliyolegea itabanduka. Chana foili ya alumini, ichovye kwenye maji, sugua kwa mkono mwepesi. Foili ni laini kuliko kromu na nukta za kutu zinatoka vizuri ajabu. Suuza, kausha, paka nta ya gari. Kromu iliyokwisha babuka mpaka chuma kikaonekana haina dawa ya nyumbani. Ama ichovywe upya na wenye mitambo, ama uipige msasa na kuipaka rangi ya fedha bila kujidanganya.

Mambo yakigoma

*Chaja haianzi kabisa.* Chaja nyingi za kisasa hazitoi umeme mpaka zihisi betri. Tafuta ya kizamani, au tumia betri ya gari yenyewe kama chanzo, ukiichaji baadaye mbali na ndoo.

*Chaja inapata moto sana.* Kipande kimegusa nondo, au magadi yamezidi. Zima, sogeza, ongeza maji.

*Hakuna povu.* Klipu imeshika juu ya kutu au rangi. Kwangua sehemu ndogo mpaka chuma king'ae, ushike hapo.

*Umeme umekatika usiku.* Usihangaike. Maji ya magadi hayakishambulii chuma haraka, kitakaa salama mpaka urudi.

*Kutu ya machungwa imerudi kabla ya praima.* Kama ni utando mwepesi sawasawa kila mahali, ni unyevu tu: msasa 240, tina, praima. Kama ni nukta nukta kwenye vishimo, ni chumvi, rudi hatua ya 7.

*Rangi inajikusanya vitone, haitandazi.* Kuna mafuta. Futa rangi yote kwa tina, osha kwa sabuni, mwagia maji: yakitanda kama utando mmoja, chuma ni safi, yakigawanyika vitone bado.

*Rangi imevimba baada ya miezi.* Toboa lengelenge moja utazame. Chini kukiwa na kutu, chumvi ilibaki. Chuma kikiwa kinang'aa, rangi haikushika kwa sababu ya mafuta au unyevu wa jioni. Kwangua sehemu hiyo tu, pana kidogo kuliko lengelenge lenyewe.

*Fundi ananiambia nipake oili chafu chini ya gari yaishe.* Inasaidia kiasi, lakini inalainisha mpira wa bushi, inashika mchanga, na ukija kutaka kupaka rangi siku za mbele utaisugua hadi uchoke. Chini ya gari lako la pwani osha kwa maji yasiyo na chumvi kila ukitoka ufukweni Msimbati. Mpira wa bomba na dakika kumi, bila oili.